Mwaka wa Imbalu Baba Hakusafiri

Katika nyumba yetu ya kupanga pale Namakwekwe, mtaa wa mji wa Mbale, Uganda, juu ya kabati la vyombo, palikuwa na mkoba wa turubai uliofanya kazi mara moja tu katika kila miaka miwili. Mwaka wa imbalu ukifika, mwezi wa nane, ngoma zikianza kushuka mjini kutoka vijiji vya mlimani, baba aliushusha, akaufuta vumbi, akatia mashati na wembe wa kunyolea, akasema anakwenda Kenya kuwasalimia watu wa kwao. Ngoma zilipokwisha alirudi. Hakuna aliyemwuliza kitu. Hata mimi, niliyewahi kumwuliza mwalimu wa Jumapili kwa nini Mungu alihitaji kupumzika siku ya saba, hilo sikuliuliza, kwa kuwa mtoto yeyote wa Mbale angeweza kunijibu.

Imbalu ni tohara ya Wagisu. Hufanywa hadharani, kijana akiwa amesimama wima mbele ya ukoo mzima, na akitikisika kidogo tu, aibu hiyo itazeeka pamoja naye. Baba ni Mjaluo, mtu wa ziwani upande wa Kenya, na kwao hawatahiri. Mwanamume asiyetahiriwa, kwa maneno ya pale, ni msinde, yaani mtoto, hata kama kichwa kimejaa mvi. Msimu ule vijana waliochangamka kwa pombe na nyimbo wakimjua msinde wa mtaani, humwimba. Zilikuwapo pia hadithi za watu waliobebwa kwa nguvu mpaka kwa ngariba. Sikuwahi kukutana na mtu aliyeliona jambo hilo kwa macho yake, lakini hadithi haihitaji shahidi ili mtu afungashe mkoba. Mafundi wa gereji ya baba walikuwa Wagisu, wateja wake Wagisu, mwenye nyumba Mgisu, na wote walimwita mzee. Alitaka waendelee kumwita hivyo.

Alikuja Uganda akiwa kijana, kufanya kazi katika kiwanda cha nguo Jinja. Huko alimwoa mama, Msoga wa Bugembe. Kiwanda kilipoanza kuyumba walihamia Mbale, akafungua gereji kando ya barabara ya malori. Kibali chake cha kuishi nchini kilikuwa kimeandikwa kwa jina la kiwanda. Kiwanda kilikufa na kibali kikafa nacho, ila baba hakujua kwamba karatasi hufa. Serikali zilipinduana, moja baada ya nyingine, na hakuna iliyopata nafasi ya kumwuliza. Iliyokuja kumwuliza ni hii iliyotupa katiba mpya, yenye sura nzima juu ya haki za binadamu.

Maafisa wa uhamiaji walikuwa wakiwasaka madereva wasio na karatasi. Waliingia gereji kwa sababu lori lilikuwa limeegeshwa pale. Baba, ambaye hakuna aliyemshuku, alikwenda nyumbani kwa hiari yake, akaleta kibali kutoka ndani ya Biblia, akawakabidhi kama mtu anayeonyesha picha ya harusi. Baada ya wiki chache ikaja amri ya kumtoa nchini. Wakati akisubiri utaratibu, alitakiwa kuripoti polisi kila Jumatatu na kutia sahihi.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Kampala, nina shahada na sina kazi, kwa hiyo nilimsindikiza. Afande wa mapokezi alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye sauti ya kanisani.

"Mzee, kaa," alisema siku ya kwanza. "Mimi sina neno na wewe. Hii karatasi ndio iko na neno na wewe."

"Karatasi imeandikwa na mtu, afande," nilisema.

Alinitazama, akamgeukia baba. "Huyu msichana ni wako?"

"Wangu."

"Umemsomesha sana."

"Ni kweli," baba akasema kwa masikitiko, wakacheka wote wawili.

Wakili tulimpata Jinja, ambako Mahakama Kuu ilikuwa na kikao. Alikuwa Msoga kijana, katika ofisi ndogo ya msaada wa sheria iliyofadhiliwa na kanisa, na dirishani kwake paka alikuwa amelala juu ya majalada. Alisikiliza, akaandika, kisha akatueleza hali yetu bila kuipamba. Baba ameishi Uganda tangu ujana. Ana mke hapa, watoto, kazi, kaburi la mtoto mmoja. Kumtoa ni kuivunja familia na kumvunjia utu wake, na katiba imeahidi kuvilinda vyote viwili. Tutaiomba mahakama isimamishe amri.

"Tatizo ni moja," alisema. "Serikali itadai kwamba hakuishi hapa mfululizo. Wana kumbukumbu za mpakani Malaba. Mwaka mmoja hatoki, mwaka wa pili anatoka, na ni mwezi uleule daima. Watasema kwake ni kule, hapa anakuja kuchuma tu. Pengine watasema ana mke mwingine."

"Kwani mtu akivuka mpaka mwezi wa nane haki zake za binadamu hubaki upande wa pili?"

"Swali zuri hilo, dada. Naomba usimwulize jaji." Alifunga kalamu. "Sababu ya safari hizo ipo?"

Baba alikuwa akimtazama paka.

"Ipo," nikasema.

"Basi iandikwe. Mtu mwenye sababu anaeleweka. Asiye na sababu anaonekana amehama."

Tuliporudi Mbale sikusubiri. Nilileta karatasi na kalamu mezani usiku huohuo, nikamwambia baba tuandike hati ya kiapo. Yeye huniita mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, na jina hilo hulitumia zaidi anapotaka kunikatalia.

"Mama, andika kwamba nilikwenda kusalimia."

"Watauliza kwa nini kila baada ya miaka miwili, kwa nini mwezi wa nane."

"Sema ni likizo."

"Gereji ni yako. Nani alikupa likizo?"

Alifikiri. Nikamsaidia, kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake kamba: "Tunaweza kusema bibi alikuwa mgonjwa."

"Mama yangu amekufa zamani. Nimfufue, nimlaze tena kitandani, kisha niapishwe kwa Biblia kwamba anaumwa, ili nibaki Mbale?" Hakupandisha sauti. "Hapana."

"Basi ubaki na ukweli."

"Ukweli nikiusema Jinja, utafika Mbale kabla yangu. Mwezi wa nane si mbali, na mwaka huu ni wa imbalu. Mafundi wangu wataniita nani? Mimi ndiye ninayewapigia kelele wakifunga nati vibaya."

Niliona jambo hilo kuwa dogo. Upande mmoja mpaka, kutengana na mama, gereji kufungwa. Upande wa pili vijana wachache kucheka. Nikaanza kumweleza hivyo kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa. Mama, aliyekuwa anachambua karanga za kukaanga za kesho, aliniacha nifike hoja ya tatu.

"Wewe umesoma," alisema, "mpaka ukasahau kwamba baba yako ni mtu mwenye aibu zake. Hiyo katiba yako inalinda utu. Utu wake ndio huo anaokuambia."

Tulikuwa tunamwomba avue heshima yake mbele ya watu ili mahakama imthibitishie kwamba anayo.

Hati ilipelekwa ikisema tu kwamba alisafiri "kwa sababu za kimila, atakazozieleza mwenyewe". Wakili alikunja uso, lakini muda ulikuwa umekwisha.

Siku ya kusikilizwa, baba alivaa koti la harusi yake na kiatu kilichopakwa rangi mpaka soli. Chumba cha mahakama hakikuwa na watu wengi. Jaji alikuwa mzee wa makamo kutoka Buganda, mpole, mwenye tabia ya kuandika polepole huku kila mtu akimsubiri. Wakili wa serikali alikuwa kijana kama wetu. Nilisikia walisoma pamoja. Kesi iliendeshwa kwa Kiingereza, na baba aliomba kusema Kiswahili, kwa hiyo akaitwa mkalimani wa mahakama. Akaingia mwanamume mnene, mchangamfu, shati limepigwa pasi vizuri. Alimwamkia baba kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Unatoka upande gani?"

"Mbale."

"Ah! Mimi pia. Mgisu wa pale juu kidogo. Mwaka huu nina mtoto anaingia imbalu." Akasugua mikono kwa furaha. "Tutakula sana."

Mama alinishika kiganja. Baba alisema, "Hongera."

Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri. Alifika lini, alifanya kazi gani, watoto ni akina nani. Kisha wakili wa serikali akasimama na karatasi za Malaba, akazisoma taratibu, safari baada ya safari, akauliza: ikiwa kwake ni Mbale, kwa nini hukimbilia Kenya kwa kipimo kama cha saa?

Mkalimani akatafsiri. Baba alinyoosha ukosi wa koti mpaka jaji akainua macho. Kisha baba akamtazama, si wakili, bali mkalimani, kama mtu anayemwomba jirani njia ya kupita shambani kwake.

"Mwambie mheshimiwa jaji kwamba kwetu, zamani, mtu akikua aling'olewa meno ya chini." Akafungua mdomo. Pengo lake, ambalo sisi watoto tulizoea kuliona akicheka, sasa lilitazamwa na mahakama. "Mimi niling'olewa. Sikulia. Kwetu mimi ni mwanamume. Lakini kwa watu ninaoishi nao, kukua ni jambo jingine."

Mkalimani alitafsiri mpaka kwenye meno, akapunguza mwendo. Alikuwa ameelewa kabla ya jaji.

"Jambo gani?" jaji akauliza.

Baba aligeuka akanitazama. Jaji aliona, akasema kwa upole kwamba binti anaweza kusubiri nje kidogo.

"Akae," baba akasema. "Ndiye aliyenisumbua mpaka nikafika hapa." Akashika ukingo wa kizimba. "Mimi ni msinde, mheshimiwa. Msimu wa imbalu ukifika sina mahali pa kukaa Mbale. Si kwamba wananichukia. Wakinijua, nitakuwa mtoto mbele ya watoto. Basi huwapisha. Wakimaliza, narudi nyumbani kwangu."

Uchangamfu wote ulimtoka mkalimani usoni.

"Mkalimani?" jaji alikumbusha.

Akakohoa. Kwa Kiingereza kizuri, kizuri kuliko alichotumia asubuhi yote, alisema kwamba shahidi huyu anatoka katika watu wasio na mila ya tohara, na kwa kuiheshimu mila ya wenyeji wake huondoka wakati wa msimu wake, kisha hurejea nyumbani kwake Mbale. Kazi ya mkalimani si kumtetea mtu, lakini sikuona hapo neno hata moja la uongo.

Wakili wa serikali hakuwa mjinga. Aliuliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nimeliogopa: Uganda ni kubwa, kwa nini basi asiende Jinja, kwa wakwe zake Bugembe, akabaki ndani ya nchi?

Safari hii baba hakusubiri. Alishtuka, akashtuka kweli.

"Nikalale kwa mama mkwe?"

Mama alijifunika uso kwa kitambaa. Wakili wetu, Msoga wa kuzaliwa, aliinama kama anayetafuta kitu chini ya meza, na mabega yake yakatikisika. Mwanamke wa masijala alicheka waziwazi. Kwa Wasoga mkwe hapiti hata njia moja na mama wa mkewe. Akimwona kwa mbali, mmoja huingia kichakani. Kulala nyumbani kwake ni jambo ambalo halina hata adhabu, kwa kuwa hakuna aliyefikiri mtu angelifanya. Kwao jaji ni vilevile. Alishikilia kalamu hewani, midomo imebana, akasema, "Endelea na swali jingine, wakili."

Wakili wa serikali naye aliangalia karatasi zake kwa muda. Alikuwa ameoa, nadhani. Hakuwa na swali jingine.

Jaji aliahirisha. Mapumziko ya mahakama yalikuwa yanaanza, uamuzi angeusoma yakiisha. Mpaka hapo baba asitolewe nchini, na yeye mwenyewe asivuke mpaka kwa sababu yoyote. Nilikuwa nimeanza kutabasamu nilipoona uso wa baba, nikapiga hesabu ya miezi. Mwezi wa nane ungeangukia katikati.

"Akivuka hata siku moja," wakili alituambia nje, "tumekwisha."

Msimu ulianza kama kawaida yake: filimbi kwanza, kisha njuga, kisha vijana wakipita barabarani wamepakwa unga na kimea, wamevaa ngozi na shanga, wakicheza kuelekea kwa wajomba na shangazi kudai zawadi. Asubuhi moja nilimkuta baba amesimama mbele ya kabati, mkono uko juu ya mkoba. Akauondoa mkono, akaenda gereji. Mchana alirudi mapema. Siku iliyofuata hakwenda kabisa. Alisema mgongo unamwuma, na Jumatatu za mwezi ule hakwenda hata polisi; hakuna aliyekuja kumwulizia. Alikaa ndani, mlango umerudishwa, akitengeneza redio ambayo haikuwa imeharibika. Mimi nilipekua nyuso za mafundi wake nione kama habari imefika. Sikuona kitu, jambo ambalo halikunithibitishia chochote.

Ngoma zilikuja mtaani kwetu saa za alasiri. Tulizoea zipite. Hizi hazikupita. Njuga zilisimama mbele ya mlango wetu, na wimbo ukaongezeka, na katikati ya wimbo nikasikia sauti niliyoifahamu ikiita kwa Kiswahili:

"Mzee! Mzee wa Jinja! Fungua!"

Mama alichungulia. "Ni yule mkalimani wenu," alisema. "Amekuja na kundi zima."

Nilisema tusifungue. Nilisema nitakimbia kwa afande kwa njia ya nyuma. Nilikuwa tayari na hotuba juu ya usiri wa mahakama. Baba aliweka bisibisi chini, akavaa koti, akafungua mlango mwenyewe.

Mkalimani alikuwa ametoa jasho, shati limeloa, na kando yake alisimama kijana wake, amepakwa kimea mpaka kope, anapumua kwa nguvu. Nyuma yao vijana, shangazi, watoto wa mtaa. Ngoma ikanyamaza.

"Mzee," mkalimani alisema, "nilitafsiri maneno yako yote siku ile, sivyo?"

"Ulitafsiri."

"Hukunipa hata soda."

"Sikukupa."

"Basi nimekuja na mwanangu. Anazunguka kwa baba zake. Wewe utampa nini?"

Mimi sikuelewa mara moja. Mama ndiye aliyeelewa, akakimbia uani, na kelele za jogoo wetu zikasikika mpaka barabarani. Kijana wa imbalu haendi kuomba zawadi kwa mtu baki. Huenda kwa watu wake.

Baba alimpa jogoo. "Simama vizuri," alimwambia kijana. "Usiangalie kisu. Angalia mbali."

"Ndiyo, baba."

Shangazi mmoja mnene, mwenye majani kichwani, akapiga kigelegele na kusema kwa sauti ya kusikika na wote, "Na wewe je, mzee? Wewe utasimama lini?"

Watu wakacheka. Kwa hiyo walijua. Walijua tangu lini, na nani aliwaambia, sikuwahi kupata jibu, ingawa niliuliza watu wengi. Pengine walijua tangu mwanzo, tangu safari ya kwanza ya mkoba.

"Mimi nimekatwa tayari," baba alijibu. "Jinja, mbele ya jaji na binti yangu. Mwulize huyu, alishuhudia."

"Hakutikisika!" mkalimani alipaza sauti, na ngoma ikarudi juu ya kicheko, wakaondoka na jogoo wetu akining'inia kichwa chini.

Kesho yake mgongo wa baba ulipona. Fundi mmoja alimtania kidogo gerejini kuhusu wembe, akaambiwa afunge nati zake vizuri, akafunga.

Uamuzi ulisomwa mahakama iliporudi. Amri ilifutwa. Jaji aliandika mengi juu ya familia na utu, ambayo niliyasoma mara kadhaa nikitafuta mahali pa kubishana. Juu ya safari za Malaba aliandika sentensi moja tu: mtu anayewapisha majirani zake kwenye sherehe yao hajahama. Nilitaka kujua kama angeandika hivyo lau baba angekuwa na aibu isiyochekesha. Wakili aliniambia nishukuru kwanza.

Jumatatu iliyofuata baba alikwenda polisi kama alivyozoea. Nilimwambia hahitajiki tena. Akasema si vizuri kumwacha mtu anakungoja. Afande alisoma nakala ya uamuzi kutoka mwanzo, akifuata mistari kwa kidole, mpaka akafika kwenye sentensi ile ya sherehe. Akairudia. Akatazama mlangoni kama kuna mtu, akavuta kiti karibu na baba.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "hata mimi. Kila mwaka wa imbalu naomba nipewe kazi Soroti."

Baba hakucheka. Alimwuliza kama mwaka huu pia alikwenda.

"Nilikwenda. Nimerudi juzi."

"Pole," baba akasema. "Na Jumatatu zote ambazo nami sikuja, nani alikuwa anaweka sahihi yangu?"